Si Lazima Iwe Ile Supu: Kula Mgahawani Ukiwa na IBS

Supu imeletwa, umekunywa vijiko vitano, tumbo limeanza. Linanguruma, linajikaza kwa chini upande wa kushoto, kisha linatuma ule ujumbe ambao mwenye IBS (tatizo la kudumu la utumbo linaloleta maumivu pamoja na kuharisha au kufunga choo) hahitaji kutafsiriwa: choo kiko wapi? Unainuka, unawaacha wenzako mezani, na ukirudi hukumu imeshapitishwa. Supu ile ina kitu. Hutaigusa tena, na huenda mgahawa wenyewe hutaukanyaga tena.

Sasa tazama saa. Sehemu kubwa ya vijiko vile vitano bado imo kwenye mfuko wa chakula, haijafika mbali. Mlo wa kawaida huchukua saa kadhaa kutoka kwenye mfuko huo, kisha saa nyingine kadhaa kuupita utumbo mwembamba wenye urefu wa mita sita hivi, ndipo ufike utumbo mpana, ambako ndiko msokoto wako ulipo. Ulichokitoa chooni dakika kumi baada ya kuketi hakikuwa supu. Kilikuwa chakula cha jana, pengine cha juzi. Supu ilipiga kengele tu. Waliotoka walikuwa ndani tangu zamani.

Kosa hili la kumkamata aliye karibu badala ya mwenye hatia ndilo linalowaacha watu wengi wenye IBS na vyakula saba au vinane wanavyoviamini, na woga wa kila menyu inayofunguliwa mbele yao.

Kengele na mzigo

Mfuko wa chakula unapotanuka, neva na homoni huupasha habari utumbo mpana kwamba mzigo mpya uko njiani, nao hujikaza ili kutengeneza nafasi. Kila binadamu ana mwitikio huu. Ndiyo sababu mtoto mchanga huchafua nepi akiwa bado ananyonya. Kwa wengi wenye IBS, hasa wale wa kuharisha, kengele hii hulia kwa nguvu kupita kiasi. Kinachoizidisha si jina la chakula. Ni ukubwa wa mlo, wingi wa mafuta ndani yake, na pia kahawa, ambayo huweza kuuchangamsha utumbo mpana ndani ya dakika chache, hata ile iliyotolewa kafeini.

Mzigo wenyewe una hadithi yake. Ukiwa na kitu ambacho utumbo mwembamba haukukisaga, taabu yake huja baadaye, umeshafika nyumbani, umeshalegeza mkanda, tumbo linajaa kama ngoma. Kwa hiyo swali la kwanza baada ya mlo mbaya lisiwe "nilikula nini?" Liwe "lilianza saa ngapi?" Maumivu yaliyoanza ukiwa bado mezani yanakuelekeza kwenye kiasi, mafuta, kahawa, kula kwa haraka, au wasiwasi. Yaliyoanza saa kadhaa baadaye yanakuelekeza kwenye viambato vya mlo ule. Na kuna hali ya tatu inayowapotosha wengi: chakula cha mchana kinakuwa kinaingia utumbo mpana wakati uleule unapoketi kula cha jioni, kinakutana na kengele, na supu inashtakiwa kwa kosa la maharagwe ya saa saba.

Mpaka huu haujanyooka kama rula. Sukari ya maziwa, kwa mfano, inaweza kusumbua mapema zaidi kwa sababu huanza kuvuta maji tangu utumbo mwembamba. Hata hivyo saa ni shahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya ulimi.

Gesi ileile, kelele tofauti

IBS haionekani kwenye kamera. Daktari anaweza kuupitia utumbo wote asione kidonda wala uvimbe. Hutambuliwa kwa dalili, na vigezo vinavyotumika zaidi ni vile vinavyoitwa vya Roma, toleo la nne la mwaka 2016: maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki, kwa wastani, katika miezi 3 iliyopita, yakihusiana na angalau mambo mawili kati ya matatu, yaani kwenda choo, kubadilika kwa idadi ya safari za choo, na kubadilika kwa sura ya kinyesi. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, wengine hupokezana hizo mbili. Mgahawani tofauti hiyo ina maana yake: wa kuharisha anaogopa nusu saa ya kwanza, wa kufunga choo anaogopa safari ya kurudi nyumbani na nguo inayombana.

Kinachotofautisha utumbo huu na wa jirani yako ni usikivu. Watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwapa watu wenye IBS na watu wazima wa afya vinywaji vyenye sukari zisizosagika vizuri, kisha wakawapiga picha za sumaku kuona ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Maji yaliyojikusanya na gesi iliyotengenezwa vilikaribiana katika makundi yote mawili. Waliougua walikuwa wenye IBS. Yaani wenzako mezani, waliokula sahani ileile, wana gesi kama yako. Kwao neva zinanong'ona, kwako zinatumia kipaza sauti.

Hili linafaa kukumbukwa kila mtu anapokuambia "mbona sisi hatujadhurika?" Hakuna anayedai kwamba chakula kilikuwa kibovu. Chakula kibovu huwa na dalili zake, kama homa na kutapika, na mara nyingi huwaangusha watu kadhaa wa meza moja. Ila kuna uhusiano mmoja wa kweli kati ya chakula kibovu na IBS: kadiri ya mtu 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi ya tumbo hubaki na IBS baada ya maambukizi yenyewe kwisha. Kwa hiyo mtu anayesema "sijawahi kuwa sawa tangu ile sumu ya chakula" haongezi chumvi.

Herufi sita kutoka Melbourne

Mwaka 2005, Peter Gibson na Susan Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, waliziweka pamoja sukari na wanga fupi zinazosumbua utumbo wa namna hii na kuzipa jina FODMAP. Zina tabia mbili. Ya kwanza, hazifyonzwi vizuri kwenye utumbo mwembamba, nazo huvuta maji kuingia ndani. Ya pili, zikifika utumbo mpana bakteria huzichachua haraka na kutoa gesi. Maji na gesi hutanua ukuta, ukuta una kipaza sauti, na mengine unayajua.

Koo zake si nyingi. Kuna fruktani, zilizomo kwenye ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu. Kuna galaktani za jamii ya kunde: maharagwe, dengu, choroko. Kuna laktosi ya maziwa na krimu, ingawa jibini ngumu iliyokomaa huwa nayo kidogo sana. Kuna fruktosi inapozidi glukosi, kama kwenye asali, tufaha na embe. Na kuna pombesukari, aina ya sukari isiyolevya licha ya jina lake, hasa sorbitoli na manitoli, ambazo hupatikana kwenye uyoga, koliflawa, matunda ya kokwa kama pichi, na kwenye pipi na jojo zisizo na sukari. Wale wanaotafuna jojo ya namna hiyo baada ya mlo ili kuondoa harufu ya kitunguu saumu hujimalizia wenyewe kazi iliyokuwa imebaki.

Jambo ambalo orodha nyingi haziliweki wazi ni kwamba hizi zote huhesabiwa kwa kiasi, na hujumlishwa. Kijiko cha dengu kinaweza kupita bila neno. Bakuli la dengu lisipite. Na kijiko cha dengu, kipande cha mkate, uyoga kidogo na aiskrimu kidogo, kila kimoja kikiwa ndani ya mpaka wake, vinaweza kwa pamoja kuuvuka mpaka. Mlo wa mgahawani una tabia hiyo hasa: mkate wa kuanzia, sahani kuu, kitamu cha mwisho, vyote ndani ya saa moja na nusu.

Jikoni, kitunguu hakitoki

Hapa ndipo penye kiini cha taabu, nami nitakaa kidogo.

Mgeni anasoma menyu. Menyu inataja nyama, mboga, wali. Tumbo lake halijibu kile kilichotajwa. Linajibu kile ambacho mpishi hakioni kuwa cha kutajwa, kwa sababu kwake ni kama maji na chumvi. Kitunguu na kitunguu saumu ndivyo mwanzo wa karibu kila mchuzi, rojo, supu na viungo vya kulowekea nyama. Hakuna mpishi atakayeandika "kuku mwenye kitunguu", kama vile hakuna atakayeandika "kuku mwenye moto".

Wengi huomba: "Naomba usiniwekee vitunguu." Mhudumu anaitikia kwa moyo mweupe, na jikoni vinaondolewa vipande vinavyoonekana. Haitoshi, na sababu ni ya kikemia tu. Fruktani huyeyuka kwenye maji. Kitunguu kikichemka kwenye mchuzi, fruktani zake hutoka na kusambaa kwenye kimiminika chote. Ukikitoa kitunguu kizimakizima na kukitupa, umetupa ganda. Kilichokuwa kinakuuma kimebaki kwenye supu. Kwa hiyo supu iliyochujwa mpaka ikawa angavu kama chai inaweza kuwa na hatari kuliko saladi yenye vipande vinne vya kitunguu unavyoweza kuvitenga kwa uma.

Mafuta ni kinyume chake. Fruktani haziyeyuki kwenye mafuta. Mpishi akikaanga punje za kitunguu saumu kwenye mafuta matupu, yasiyo na maji wala nyanya, kisha akazitoa zote, mafuta yanabaki na harufu na ladha lakini bila fruktani. Ndiyo maana mtu anaweza kula samaki aliyepakwa mafuta ya kitunguu saumu akalala vizuri, na kesho yake akaugua kwa supu ambayo haikuonekana kuwa na kitunguu hata kimoja. Anajiona kama tumbo lake halina kanuni. Lina kanuni, tena ya darasani.

Sehemu za kijani za majani ya kitunguu nazo huwa na fruktani kidogo sana kuliko sehemu nyeupe, na mvuje hutoa ladha inayofanana na vitunguu bila hesabu hiyo, ingawa mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Mbaya kuliko vyote ni unga wa kitunguu na wa kitunguu saumu. Ni kitunguu kilichotolewa maji, kwa hiyo kijiko kidogo kina fruktani nyingi, na kimejificha kwenye viungo vya kupaka nyama, kwenye vipande vya supu vya kuyeyusha, kwenye sosi za chupa, kwenye chipsi zilizonyunyiziwa "viungo maalumu".

Kutokana na hayo, ukiitazama menyu acha kuuliza chakula gani ni kizuri, uliza kipi bado hakijapikwa. Chakula kinachotengenezwa baada ya wewe kuagiza kinaweza kubadilishwa. Kipande cha samaki au cha nyama kinachochomwa papo hapo, mayai, viazi vya kuoka au kuchemsha, wali mweupe, mboga za kupitishwa kwenye mafuta kidogo: hivi mpishi anaweza kuvitia chumvi, limau na mafuta akaishia hapo. Chakula kilichokwisha kupikwa asubuhi kwenye sufuria kubwa hakibadiliki kwa ombi lolote. Mchuzi, nyama za kusagwa zilizofinyangwa, supu, rojo, mboga zilizopikwa kwa nyanya na vitunguu, vyote hivyo ni kama rangi iliyokwisha kuchanganywa. Nyama ya kuchoma nayo ina mtego wake, kwani huenda imelala usiku kucha kwenye viungo vyenye kitunguu saumu.

Maswali mawili yanatosha. "Samahani, nyama hii imelowekwa kwenye nini?" na "Wali huu umepikwa kwa maji au kwa supu?" Mhudumu akisema hajui, hilo ni jibu zuri kuliko "haina shida". Mwombe aulize jikoni. Ukipiga simu mapema, mchana wa katikati ambapo jikoni kumetulia, utapata jibu refu zaidi kuliko utakalopewa usiku meza zote zikiwa zimejaa.

Usijiite mwenye mzio

Kuna njia ya mkato inayopendwa: kumwambia mhudumu "nina mzio wa kitunguu saumu", kwa kuwa neno mzio huogopwa na neno IBS halijulikani. Siipendi njia hiyo. Mzio wa kweli unaweza kumuua mtu kwa chembe, na jikoni likisikia neno hilo linatakiwa kusafisha ubao, kubadilisha kisu, kuchukua sufuria nyingine. Wewe chembe haikudhuru. Kinachokudhuru ni kijiko. Wakikuona umejitangaza mwenye mzio kisha unaonja sosi ya mwenzako, atakayelipa ni mgeni wa kesho mwenye mzio halisi ambaye hawatamwamini. Sentensi ya kweli inafanya kazi: "Si mzio, ila tumbo langu halivumilii kitunguu na kitunguu saumu, mabaki kidogo hayana shida, nisiwekewe kwenye chakula chenyewe." Inampa mpishi mpaka anaoweza kuutimiza.

Wala alama za mzio kwenye menyu hazitakusaidia sana. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wauzaji wa chakula, migahawa ikiwemo, watoe taarifa kuhusu vitu 14 vinavyosababisha mzio. Ngano imo, maziwa yamo, hata haradali na ufuta vimo. Kitunguu na kitunguu saumu havimo. Menyu inaweza kuwa na alama safi kabisa kando ya chakula kilichojaa fruktani.

Kadhalika maneno "haina gluteni". Gluteni ni protini ya ngano. Fruktani ni wanga wa ngano hiyohiyo. Ukiacha mkate umeacha vyote viwili, ukapata nafuu, ukaisifu sababu isiyohusika. Watafiti wa Oslo waliwachukua watu 59 waliokuwa wameacha gluteni kwa hiari yao na hawakuwa na siliaki (ugonjwa ambao gluteni huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe), wakawapa vipande vya nafaka vyenye gluteni, vyenye fruktani, au visivyo na chochote, kila aina kwa siku 7, bila mlaji kujua ni ipi. Katika matokeo ya mwaka 2018, dalili zilikuwa nyingi zaidi kwa fruktani, si kwa gluteni. Kwa mgahawa maana yake ni mbili: tambi zisizo na gluteni zikiogeleshwa kwenye sosi ya kitunguu saumu hazijakusaidia, na sosi ya soya iliyochanganywa na ngano kidogo, ambayo mwenye siliaki haigusi, huenda wewe isikufanye lolote. Ila usiache ngano kabla ya kupimwa siliaki, kwa sababu kipimo kinahitaji uwe bado unaila.

Mengine ambayo si viambato

Pilipili. Kapsaisini, kinachoifanya iwashe, hugusa vipokezi vya maumivu, na vipokezi hivyo vimeonekana kuwa vingi zaidi kwenye utumbo wa watu wenye IBS. Vinywaji vya gesi huongeza gesi, hilo halihitaji utafiti. Pombe inategemea mtu na kiasi.

Mafuta na ukubwa wa sahani vinastahili heshima zaidi kuliko vinavyopewa. Watu wanaochunga kila chembe ya kitunguu wataagiza sahani kubwa ya vyakula vya kukaanga, "salama" vyote, kisha washangae. Kengele haina habari na FODMAP. Na mtindo wa kushinda na njaa ili "kujitengenezea nafasi" ya chakula cha jioni ndio mbaya kabisa, maana unaukabidhi utumbo mlo mkubwa kuliko wote wa siku, ukiwa umeliwa haraka kuliko yote. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, kabla hata ya kufika kwenye FODMAP, huanza na haya mepesi: kula kwa saa zake, kula taratibu, kutoruka mlo, chai na kahawa visizidi vikombe 3 kwa siku. Hayana mvuto. Kwa baadhi ya watu yanatosha.

Halafu kuna woga. Ubongo na utumbo huzungumza pande zote mbili, na mtu mwenye wasiwasi utumbo wake mpana huenda kasi zaidi huku mfuko wa chakula ukichelewa kujimwaga. Aliyewahi kukimbilia choo akiwa mgahawani huingia mgahawa unaofuata mwili ukiwa tayari umeshajiandaa kukimbia. Kujua choo kiko wapi kabla ya kuketi, na kuketi upande ambao hutalazimika kuwanyanyua watu wanne ili upite, hupunguza jambo hilo kuliko mtu anavyodhani. Wapo wanaomeza loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kabla ya mlo muhimu. Husaidia kuharisha, haisaidii maumivu, na ni ya kupanga na daktari.

Nikitaja woga, sitaki asomaye aondoke na lile neno wagonjwa wamelisikia mara nyingi mno, kwamba "ni mawazo tu". Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Leuven, Ubelgiji, lilidunga kwa sindano kiasi kidogo cha ngano, gluteni, soya na maziwa moja kwa moja kwenye ukuta wa utumbo wa watu 12 wenye IBS. Wote 12 walionyesha mwitikio wa kinga mahali pale kwa angalau kimoja. Kati ya watu 8 wa afya, 2 tu. Vipimo vya kawaida vya mzio, vya damu na vya ngozi, havikamati jambo la ndani namna hiyo. Ni watu wachache, na si msingi wa kuanza kujipiga marufuku vyakula vipya. Ni sababu tosha ya kunyamaza kabla ya kumwambia mtu kwamba anajitungia.

Usifanye mgahawa kuwa maabara

Mlo wa FODMAP kidogo una hatua tatu, nayo ya kwanza, ya kupunguza zote, ni ya wiki 2 hadi 6. Baada ya hapo unarudisha ukoo mmoja baada ya mwingine ili kujua upi ni wako. Wengi hukwama kwenye hatua ya kwanza kwa miaka, kwa sababu wamepata nafuu na wanaogopa kuichezea. Gharama yake ni chakula kinachopungua aina, bakteria wazuri wanaokosa lishe yao, na mialiko inayokataliwa. Anayesumbuliwa na galaktani peke yake hana sababu ya kumhoji mhudumu kuhusu mkate. Kadiri unavyozijua koo zako, ndivyo maswali yako mezani yanavyopungua, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kuzirudisha. Kwa waliogundua kuwa wao ni wa laktosi, kidonge cha kimeng'enya cha laktasi kabla ya krimu kinaweza kumaliza mjadala.

Kujaribu ukoo mmojammoja hufanyika nyumbani, kwa chakula ulichokipima mwenyewe. Mgahawani kuna vitu ishirini ndani ya sahani moja, na jibu lolote utakaloondoka nalo litakuwa la kubahatisha.

Kuna dalili ambazo haziingii kwenye hesabu hii yote: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, upungufu wa damu, kuharisha kunakokuamsha usingizini, au tumbo kuanza kubadilika ukiwa umeshavuka miaka 50. Hizo si za kumuuliza mpishi. Ni za daktari, tena mapema.

Turudi kwenye ile supu. Andika kwenye simu mambo manne: ulikula nini, saa ngapi, maumivu yalianza saa ngapi, na mlo wa kabla yake ulikuwa upi. Kisha, siku nyingine, uiagize tena: bakuli dogo, mchana ukiwa umekula chakula chepesi unachokijua, bila kahawa, umekaa karibu na mlango wa choo. Inawezekana dakika kumi zikapita, ishirini, nusu saa, na tumbo likanyamaza. Ukiwa kitandani saa tano usiku ndipo lianze kujaa. Hapo supu imefutiwa shitaka la kwanza na kufunguliwa la pili, na safari hii una swali la kumpelekea mpishi: maji ya supu yalichemshwa na nini?